Serikali Imejenga, Sawa. Lakini Nani Ameuliza Wakazi Kama Wameridhika?

Mwezi uliopita niliweka video ya dakika nne. Nilizunguka kwa moja ya majengo mapya ya nyumba za bei nafuu hapa Nairobi, nikaonyesha jikoni, choo cha ndani, shawa, na dirisha linaloangalia barabara. Nikataja bei, nikataja ukubwa, nikaaga vile huwa naaga. Watu waliipenda. Wengine walinitukana wakasema nimelipwa. Sijalipwa, lakini hiyo si hoja ya leo.

Hoja ni kwamba nilimwonyesha dani yangu hiyo video. Dani anaishi Kaloleni, kwa nyumba ya kaunti, tangu babangu akiwa mtoto. Aliitazama yote, simu ameishika mbali na macho vile wazee hufanya, kisha akanirudishia.

"Umeuliza bei, umepima chumba. Sasa hao wanaokaa humo, umewauliza wanakaaje?"

Nikamwambia, "Wanakaa poa dani, si umeona choo?"

Akacheka. "Choo unakaa dakika tano, mjukuu wangu."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemuuliza mkazi hata mmoja. Nilipiga picha kuta nikaenda nyumbani. Na kwa dani hilo si jambo dogo, kwa sababu kila baada ya miaka michache maneno yanarudi kwamba mitaa ya zamani ya Eastlands itabomolewa, ijengwe ghorofa. Yeye hajasema hataki. Amesema tu angependa mtu amuulize kwanza.

Basi nikaanza kusoma. Mimi si mwanahistoria, chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Na nilichokipata ni hiki: kwa miaka mia moja Nairobi imekuwa ikijengea watu wa mapato ya chini nyumba, na karibu kila mara swali limekuwa "ngapi?" na "pesa ngapi?" Swali la dani limeulizwa mara chache sana.

Tuanze mwanzo.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Mwafrika alitakiwa hapa kama mkono wa kufanya kazi. Bibi na watoto walitakiwa wabaki rizavu, walime, ndiyo mshahara uweze kuwa mdogo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni, na ukipatikana mjini bila kazi na bila kibali, unarudishwa ulikotoka. Kwa hiyo makao ya Mwafrika mjini yalihesabiwa kwa kitanda, wala si kwa familia. Wanaume kadhaa wanapewa chumba kimoja, kila mmoja na nafasi yake ya kulala, na hapo serikali inasema imewapa nyumba. Swali lake lilikuwa: huyu atalala wapi ili kesho afike kazini?

Lakini watu si mikono tu. Kulikuwa na vijiji ambavyo Waafrika walijijengea wenyewe, kama Pangani. Huko kulikuwa na wenye nyumba, na wengi wao walikuwa wanawake, wanaopangisha vyumba na kujitafutia. Nyumba ilikuwa ya udongo na madebe, lakini ilikuwa yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikatenga Pumwani kama mahali rasmi pa Waafrika, vijiji vingine vikaanza kuondolewa kimoja kimoja. Pangani ikashikilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ikabomolewa. Kwa ajili ya watu wake halmashauri ilijenga mtaa mpya, nyumba za mawe, zimenyooka kwa mistari.

Mtaa huo ni Shauri Moyo. Inasimuliwa kuwa jina lilitoka kwa hao hao waliohamishwa. Ukitaka kwenda, ukitaka kukataa, ni shauri ya moyo wako. Iwe ndivyo au sivyo, sikiliza hilo jina vizuri. Mtu aliyeridhika haiti mtaa wake hivyo. Kwa macho ya afisa, walikuwa wametoka kwa udongo wakaingia kwa mawe, wamepanda daraja. Kwa macho yao, walikuwa wenye nyumba jana na leo ni wapangaji wa halmashauri. Ukuta umekuwa bora, lakini nyumba si yako tena. Hii kitu itarudi, iweke akilini.

Sasa tuje Kaloleni kwa dani.

Miaka ya 1940 wakoloni walianza kuogopa. Wafanyakazi walikuwa wamechoka, na Januari 1947 Mombasa ikasimama kwa mgomo mkubwa. Likaja wazo kwamba mfanyakazi mwenye familia karibu atatulia, hatagoma ovyo. Kaloleni ilijengwa kwa roho hiyo ya miaka ya 1940. Wazee husema mateka wa vita wa Kiitaliano walishiriki ujenzi. Muundo ulitoka Uingereza, ule wa mji wa bustani: nyumba za chini zenye vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati kuna ukumbi wa jamii, shule na kliniki. Miti mpaka leo ipo. Ukitoka jua la barabara ya Jogoo ukaingia Kaloleni, unahisi hewa imebadilika.

Sidanganyi mtu hapa. Lengo lilikuwa kuwatuliza watu, na vyumba ni vidogo. Lakini kwa bahati mbaya ya mkoloni, waliojenga waliacha mahali pa watu kukaa pamoja, na watu wakikaa pamoja wanaongea. Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya ukumbi huo huo wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama kwenye mkutano akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wiki chache baadaye yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na Nairobi ikagoma. Ukumbi uliojengwa ili wafanyakazi watulie ndio ulitumika kudai uhuru.

Dani hajui tarehe hizo na hana haja nazo. Ukimuuliza kwa nini anapenda Kaloleni atakuambia mambo matatu. Moja, mlango wake unafunguka chini, kwa udongo, sukuma yake ipo pale. Pili, akiwa mgonjwa, majirani wanajua kabla sisi watoto hatujajua. Tatu, watoto wanaweza kucheza na yeye akawaona bila kusimama kwa kiti. Hakuna hata moja kati ya hayo niliyopima kwa video yangu.

Ukimuuliza kinachomuudhi pia atakuambia, tena bila kumung'unya. Maji yanakuja yakitaka. Mabomba ni ya zamani, maji taka yanafurika mvua ikinyesha. Paa likivuja unajijazia mwenyewe, kwa sababu ukingoja kanju utangoja sana. Na kubwa kuliko yote: amelipa kodi miaka yote hiyo na hana karatasi hata moja inayosema nyumba hii itakuwa yake kesho. Pangani tena.

Na kizazi chake kinajua mtu anaweza kuondolewa vipi. Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji huu kwa operesheni waliyoiita Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakaishia kizuizini. Ulikuwa na chumba asubuhi, jioni umo kwa lori. Ndiyo maana mzee wa Eastlands akiona watu wenye makaratasi na rangi ya kuandika nambari kwa milango, moyo unapiga. Si ati anapinga maendeleo. Anakumbuka.

Baada ya uhuru vizuizi vya kuingia mjini vikaisha na watu wakaja. Halmashauri haikuweza kujenga kwa kasi hiyo. Ndipo likaja wazo jingine ambalo kwangu mimi lilikuwa la akili zaidi kuliko yote: Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ikatoa mkopo, na mpango ukawa ploti 6,000. Serikali haikujengei nyumba nzima. Inakupa kipande cha ardhi, maji, mtaro, choo na bafu, wengine na chumba kimoja au viwili, kisha unamalizia mwenyewe polepole kadiri mfuko unavyoruhusu. Mama akipata pesa ya chama anaongeza ukuta, mzee akipata pesa ya kazi anaongeza mabati.

Watu walijenga kweli, na haraka. Tena walijenga vyumba vya ziada wakapangisha, ili kodi ya mpangaji ilipe deni la ploti. Wengine waliuza wakaondoka na faida yao. Miaka ikapita, vyumba vikawa ghorofa. Leo ukitembea Dandora Phase 2 au Phase 4, wengi wa wanaoishi pale ni wapangaji wa wenye ploti, si wenye ploti wenyewe. Maafisa na wasomi wamebishana miaka na miaka: je, hayo ni mafanikio au ni kushindwa? Mimi naona jibu linategemea unamuuliza nani. Mwenye ploti aliyesomesha watoto na kodi ya vyumba vinne atakuambia Dandora ilimwokoa. Mpangaji wa chumba cha futi kumi kwa kumi, choo kimoja na familia tano, karibu na jalala la mji mzima, atakuambia kitu kingine. Na mpangaji huyo hakuwa kwa hesabu ya 1975 hata kidogo.

Halafu tukaja Kibera.

Kibera haikuanza kama mtaa wa mabanda. Ilianza kama ardhi waliyokaa askari Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza, na jina lenyewe ni lao, linamaanisha msitu. Karne moja baadaye ikawa mahali ambapo kila kiongozi anataka kupigwa picha. Mwaka 2003 serikali ilitia saini makubaliano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ukaanza mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zikahamishwa hadi nyumba 600 zilizojengwa kando, upande wa Lang'ata, zikae hapo wakati kwao kunajengwa upya. Malori yalibeba vitanda, magodoro na kuku. Watu walipaita nchi ya ahadi.

Hapo ndipo dani angefurahi kuwa mtafiti. Kwa sababu baada ya muda, baadhi ya watu wa nchi hiyo ya ahadi wakaanza kurudi mabandani na kupangisha ile nyumba mpya kwa mtu mwenye uwezo zaidi. Gazetini na redioni watu wakashangaa: hawa watu wa Kibera ni watu wa aina gani, unapewa choo cha ndani unarudi kwa mabati?

Lakini fikiria kidogo. Kwa kibanda, mlango wako ni duka lako. Unakaanga mandazi pale nje, unauza makaa, unafua nguo za watu. Ghorofa ya nne, nani atapanda ngazi kununua mandazi ya shilingi kumi? Kwa kibanda unalipa kodi, na mwezi mbaya unaongea na mwenye nyumba, anakungoja wiki. Kwa ghorofa kuna kodi, kuna maji, kuna stima, kila moja na siku yake, na hakuna wa kuongea naye. Halafu kuna hesabu rahisi kabisa: ukiweza kupangisha nyumba yako kwa pesa zaidi ya unazolipa, na tofauti ikawa karo ya mtoto, wewe ungefanya nini? Mimi ningefanya hivyo hivyo. Huo si ujinga. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo nyumba ile ingeweza kumlipia karo.

Nyumba 822 zilizojengwa Soweto Mashariki kwenyewe zilikabidhiwa 2016, miaka saba baada ya yale malori. Katikati kulikuwa na kesi mahakamani, kulikuwa na wenye mabanda waliodai chao, kulikuwa na watu waliohamishwa wakiwa na watoto wachanga na kurudi watoto wakiwa darasani. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi tunaoandika na kupiga picha hatujalala humo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu najua kuna mtu tayari ameanza kuniandikia kwamba natetea mabanda. Sitetei. Septemba 2011 mafuta yalivuja kwa bomba pale Sinai, Mukuru, moto ukawaka na takriban watu mia moja wakafa, kwa sababu nyumba zilikuwa zimebanana juu ya bomba. Aprili 2024 mvua ilileta mafuriko Mathare na Mukuru, watu wakapoteza kila kitu na wengine wakapoteza uhai. Dada anayeogopa kwenda choo usiku kwa sababu ya giza la nje hahitaji insha yangu, anahitaji choo ndani na mlango unaofungika. Kwa hilo, nyumba mpya ni nzuri na naunga mkono zijengwe. Mei 2025 Rais Ruto alipokabidhi nyumba 1,080 za kwanza pale Mukuru, niliona mama akishika bomba la maji kama mtu anayeshika mkono wa mtoto. Sitamwambia huyo mama eti anadanganywa.

Ninachosema ni kwamba pesa za nyumba hizi sasa ni zetu sote. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ukikatwa, una haki ya kuuliza zaidi ya "zimefika ngapi?" Kila wiki tunaambiwa idadi. Nyumba elfu kadhaa hapa, elfu kadhaa pale. Sijaona siku waziri amesimama akasema: tulirudi baada ya mwaka mmoja, tukapanda ngazi zote, tukauliza kila mlango unakaaje, na haya ndiyo waliyosema, mazuri na mabaya.

Na si ati hakuna kipimo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Neno "ya kutosha" lina maana. Tangu 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi na kijamii ilishalifafanua kwa mambo saba: usalama wa kutofukuzwa, huduma kama maji, gharama unayoweza, nyumba inayokaliwa bila kukuumiza, kufikika na kila mtu wakiwemo wazee na walemavu, mahali ilipo, na kuendana na maisha ya watu wenyewe. Hesabu tena. Kuta ni sehemu ya moja tu kati ya hayo saba. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa haki wapangaji wa Muthurwa, ile mitaa ya reli hapa karibu na mjini, waliotaka kuondolewa bila utaratibu. Kwa hivyo hata sheria inajua kwamba nyumba ni zaidi ya tofali.

Nikaweka orodha ya Umoja wa Mataifa kando ya majibu ya dani. Karatasi? Usalama wa kutofukuzwa. Maji na mabomba? Huduma. Mlango unaofunguka chini? Kufikika, maana magoti yake yana miaka themanini. Majirani, sukuma, watoto machoni pake? Mahali, na kuendana na maisha. Wataalamu waliandika waraka mzima, dani alihitaji kikombe kimoja cha chai.

Kwa hivyo haya ndiyo naomba, na si makubwa. Kabla ya kubomoa mtaa wowote wa zamani, kaeni na wanaokaa humo, sio baraza la saa moja lenye soda na orodha ya kutia saini, kaeni kweli. Waandikieni waliopo, wapangaji wadogo wakiwemo, ahadi ya kurudi ambayo mtu anaweza kwenda nayo kortini. Wekeni vyumba vya chini kwa wazee na kwa mama mboga. Acheni kiwanja na ukumbi, hata kama vinakula nafasi ya ghorofa moja. Na baada ya mwaka rudini muulize, mchapishe majibu hata yakiwa yanawaaibisha.

Ile video yangu nimeiacha, sitaifuta. Ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya kazi si uongo. Ila Jumamosi narudi kwa jengo lile lile, safari hii bila kupima chumba. Nitagonga milango niulize maswali ambayo dani aliniandikia nyuma ya risiti ya stima. Ni manne: Unalala usingizi? Ukiugua usiku, nani atajua? Kazi yako imekufuata hapa au umeiacha ulikotoka? Na mwisho, unajua mwaka ujao utakuwa bado unaishi hapa?

Kama unakaa kwa nyumba yoyote kati ya nilizotaja, ya mkoloni, ya ploti, ya Soweto Mashariki ama hizi mpya, nijibu hayo manne. Usinitumie picha ya jikoni. Jikoni nishaona.